Karavani ya Vitanda Sita

Vijana wangu, mmeniomba niwaambie mnunue karavani gani. Jibu langu ni fupi: msinunue. Kama mngekuwa watu wa kusikia, maandishi haya yangeishia hapa na mimi ningerudi kwenye chai yangu. Lakini nawajua. Mmeshaona picha kwenye simu: mume na mke wamekaa mbele ya nyumba nyeupe ya magurudumu, vikombe mkononi, bahari nyuma yao, na hakuna mvua. Picha ile ilipigwa siku moja. Siku nyingine zote za mwaka karavani ile ilikuwa kwangu mimi, inavuja.

Jina langu Hamadi, mtu wa Tanga. Nimetengeneza karavani hapa Birmingham tangu nikiwa na nywele kichwani mpaka sasa kofia yangu haina kazi ila kuficha upara. Karakana yetu ilikuwa Great Barr, karibu kabisa na barabara kuu ya M6, na tulizoea kuzungumza kwa kupayuka kwa sababu ya malori. Nikifika nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza ninagombana na nani. Sasa nimestaafu, nakaa Ladywood kwenye ghorofa ambalo hata baiskeli huna pa kuiweka, sembuse karavani. Magoti yamekwisha. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki asubuhi mpaka nivishikishe kikombe cha moto. Karakana wameigeuza mahali pa kuoshea magari. Na sikuacha mwanafunzi hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyetaka. Kwa hiyo siku nikizikwa, pua yangu nazikwa nayo, na pua ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Aliyenifundisha alikuwa Mwingereza wa hapa hapa, jina lake Reg. Mtu mfupi, alikula mkate wa jibini kila siku ya Mungu na kila siku alilalamika kwamba ni wa jibini. Siku yangu ya kwanza alifungua mlango wa karavani iliyolala imefungwa, akaniambia niingie, nifunge mdomo, nivute pumzi. Basi. Mimi nilitaka aone kwamba najua kazi, nikaanza kufungua makabati. Akanitoa nje kama mbuzi aliyeingia jikoni. Sheria yake ilikuwa pua kwanza, macho baadaye, mkono mwisho. Ile hewa ya kwanza ya asubuhi, kabla hujafungua dirisha, ndiyo inayosema kweli. Ukinusa kabati la viatu vilivyonyeshewa, geuka nenda zako, hata kama muuzaji ni imamu wenu.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Mnafikiri ukuta wa karavani ni ukuta. Nje kuna bati jembamba, ndani kuna ubao mwembamba uliopambwa upendeze, na katikati yake kuna vipande vya mbao na povu gumu la kuzuia baridi. Maji huingilia kwenye maungio: pembe za dirisha, penye taa, penye reli ya kufungia hema. Tundu la sindano linatosha. Mwaka mzima hutaona kitu. Siku utakayoona doa ndani, mbao za katikati zimeshakuwa uji. Ndiyo maana mkono una kazi yake. Bonyeza kwa dole gumba chini ya dirisha la mbele, halafu ndani ya makabati ya pembeni ambayo muuzaji hakutaka uyafungue. Tembea sakafuni kwa visigino. Ikikubonyea kama godoro, toka. Siku hizi kuna kipima unyevu chenye sindano mbili, kila mtu anacho, anachoma choma ukuta na kusoma namba. Sawa, chomeni. Lakini nendeni kutazama siku ya mvua, si siku ya jua. Siku ya jua kila karavani ni nzima.

Watu wetu wana makosa yao wenyewe, ambayo Reg hakuwahi kuyaona mpaka nilipoanza kumletea wateja. Abdi, kwa mfano. Huyu ni Msomali aliyelelewa Nairobi, ana duka la nguo Stratford Road, mtu wa vicheko. Alikwenda Wales na familia yake, akanipigia simu akiwa kando ya barabara.

"Fundi! Hii kitu inatingika vibaya sana. Inavuta gari kushoto, inavuta kulia. Bibi ameshapiga shahada mara tatu!"

"Umepakia nini?"

"Vitu tu za kawaida."

"Vitu gani, Abdi?"

Akashusha sauti: "Friza."

Alikuwa ameweka friza nyuma kabisa, mwisho wa karavani, na ndani yake mbuzi mzima. Juu ya friza gunia la mchele, na kando yake sufuria ile ya pilau ya harusi. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa mimi. Huko Wales, akasema, nyama ya halali utaitoa wapi? Na wageni wakitokea? Nikamwambia ahamishie mbuzi juu ya magurudumu, mbele kidogo, aendelee na safari. Kumbukeni hilo: uzito ukae juu ya ekseli na uelemee mbele kidogo, usielemee nyuma. Na ikianza kutikisika, usikanyage breki kwa pupa. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, acha ipunguze yenyewe. Reg alipopata kisa hiki alicheka mpaka jibini likamwingilia njia mbaya, na toka siku hiyo mteja wangu yeyote akija, Reg alikuwa anauliza kwanza mbuzi yuko wapi.

Nilicheka na mimi, zamani. Sasa nikikumbuka kile kisa, ninachokiona ni lile neno lake: wageni wakitokea. Sisi hatununui kitu kwa ajili yetu. Tunanunua kwa ajili ya watu ambao huenda wakaja. Kwa hilo nimepoteza rafiki, na nitawaeleza vilivyokuwa, maana bila hiyo habari ushauri wangu wote ni kelele tu.

Rafiki yangu aliitwa Seif, mtu wa Unguja, aliendesha basi la mji mpaka alipostaafu. Yeye na mkewe, Bi Zuhura, walikuwa na nyumba Great Barr, si mbali na karakana yetu. Nyumba nzuri, ina pa kuegesha mbele, lakini vyumba vya kulala ni viwili na kile cha tatu ambacho hata godoro la mtoto huingia kwa kubishana. Watoto wao walikuwa wametawanyika. Nasoro, mkubwa, yuko London na mke na watoto wawili. Rukia yuko Manchester. Mdogo wao alikwenda Toronto kusoma, akasoma moja kwa moja. Nasoro alikuwa akija Idi, anakula, anaangalia saa, anasema, "Baba, tusiwabane, tunarudi leo leo." Seif alilichukua neno lile kama lilivyo. Akaamini wanawe hawalali kwake kwa sababu hawana pa kulala. Wakitafutiwa pa kulala, watakuja. Hilo ndilo alilolitaka katika uzee wake, hakutaka jingine: walale chini ya paa lake, wote, japo kiangazi kimoja, aamke alfajiri asikie watu wanakoroma.

Alikuja karakana na kofia yake ya kazi, amestaafu lakini hajaivua.

"Hamadi, nataka karavani ya vitanda sita."

"Mko wangapi?"

"Sita."

"Seif, nyumbani kwako nakunywa chai kila Ijumaa. Mko wawili."

"Mimi na shemeji yako, wawili. Nasoro na mkewe, wawili. Wajukuu wawili. Rukia na mdogo wake watakuja zamu nyingine." Alihesabu kwa vidole, anafurahi kama mtoto.

"Nunua ya watu wawili, nyepesi, gari lako litaivuta. Wakija tunafunga hema ubavuni, pana nafasi tele."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukania mama yake. "Mwanangu alale kwenye turubai, mimi baba yake nimelala kwenye godoro? Wewe ni mtu wa Tanga kweli?"

Hapo ndipo nataka mnisikie, kama mnasikia chochote. Hesabuni vichwa vilivyopo. Chukueni magodoro mlalie pale pale dukani, mvue viatu, mlale kweli, mgeuke. Angalieni kwenye cheti cha gari lenu linaweza kuvuta uzito gani, na msimuulize muuzaji, muulizeni mtu asiye na faida. Tairi za karavani haziishi kwa kutembea, zinakufa kwa kusimama, kwa hiyo msitazame kashata zake, yale meno ya mpira, tazameni zimetengenezwa lini. Haya yote nilimwambia Seif. Akaitikia kwa kichwa, akanunua ya vitanda sita, ekseli mbili, ndefu kama ukumbi.

Kabla hajalipa nilikwenda naye kuikagua. Ilikuwa safi, siwezi kusema uongo. Niliingia, nikafunga mdomo, nikavuta pumzi, sikupata kitu ila sabuni ya yule mama aliyekuwa anaiuza. Gari la Seif halikuweza hata kuitikisa, tukaivuta kwa gari la karakana. Kazi ikawa kuiingiza nyumbani kwake. Mjue kwamba karavani ikirudi nyuma inakwenda kinyume: ukizungusha usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Seif alikuwa amerudisha nyuma mabasi maisha yake yote, akasema nishuke, atafanya mwenyewe. Majirani wakatoka kutazama. Alipanda juu ya bustani ya watu, akagusa pipa la taka, akaziba barabara mpaka kijana mmoja mwenye gari la pizza akaomba apite kwa miguu. Mwisho tuliifungua kwenye gari, tukaisukuma kwa mikono, watu wa mtaa mzima, Masingasinga, Waingereza, kila mtu. Bi Zuhura akapika chapati kwa wote. Sijawahi kumwona Seif amefurahi vile, na sikumwona tena.

Kiangazi cha kwanza Nasoro alipata kazi nyingi. Seif na mkewe wakaenda wenyewe, nikawavuta mimi mpaka Wales, ufukweni. Mvua ilinyesha. Nilipoingia kuaga niliona Bi Zuhura ametandika vitanda vyote sita, shuka na foronya, vile vya juu vya watoto ameweka na midoli. Nikamwambia, "Shemeji, mko wawili." Akasema, "Najua, lakini kitanda kisichotandikwa kinanuna."

Baada ya hapo haikwenda popote tena. Ilikaa mbele ya nyumba. Nasoro naye hata Idi akawa anapiga simu tu. Na kila mwaka ulikuwa na simu yake. Nilizisikia mwenyewe, Seif alikuwa anaweka sauti juu ili nami nisikie.

"Baba, this year tunakuja, inshallah. Watoto wakifunga shule tu. August."

"Mwezi wa nane?"

"Eeh, August."

"Pa kulala pako sasa, Nasoro. Vitanda sita."

"I know, Baba. Umenitumia picha."

Simchukii Nasoro, na ninyi msimchukie. Alikuwa anasema kweli kila alipokuwa anasema. Nyumba ya London, shule, mke ana wazee wake, kazi haina simile. Hata nyinyi mnaosoma hapa mna mtu mmemwambia mwezi wa nane.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna fundi wa Kizungu aliyewahi kulikuta. Kila Alhamisi alasiri Bi Zuhura alikuwa anaingia kwenye ile karavani na kuifukiza udi. Mwanzo alitaka kutumia chetezo cha makaa, nikamkataza kwa ukali kabisa, maana makaa ndani ya karavani iliyofungwa yanaua mtu akiwa amelala, haamki. Na ninyi msithubutu, wala msizibe vile vitundu vya hewa vya sakafuni kwa sababu ya baridi. Vimewekwa hapo ili mwendelee kupumua. Akanunua chetezo cha umeme. Basi kila Alhamisi udi, makusudi wageni wakija waingie kwenye harufu ya nyumbani. Ilinukia kama chumba cha bi harusi. Na mimi kila nilipoingia kukagua nilifunga mdomo, nikavuta pumzi kama Reg alivyonifunza, nikapata udi. Nilivuta pumzi mara ya pili nikapata udi. Pua yangu ile iliyosifiwa mpaka Staffordshire haikuwa na kazi yoyote.

Dole gumba ndilo lililogundua. Pembe ya mbele, kushoto, chini ya dirisha, pale pale kwenye kitanda cha mjukuu. Lilibonyea. Kidogo tu, kama unabonyeza keki iliyolala. Nikamwita Seif.

"Maji yameingia. Lazima tufungue."

"Tufungue nini?"

"Dirisha, kitanda, ubao wote wa mbele. Tutoe mbao zilizooza, tuache pakauke, tuweke mpya. Ni kazi ya kiangazi kizima, wakati wa baridi hapakauki."

Akashtuka. "Kiangazi? Watoto wanakuja mwezi wa nane! Waje wakute imebomolewa?"

"Seif, hapa pakiachwa..."

"Wageni wakiondoka, fungua. Nakuahidi. Siku wakiondoka, njoo na vyombo vyako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwaka baada ya mwaka. Tutafungua wageni wakiondoka. Wageni hawakuja, kwa hiyo hawakuondoka, kwa hiyo sikufungua. Nilitaka angalau tuifunike kwa turubai majira ya mvua. Nilileta turubai mwenyewe, nikalifunga vizuri. Ijumaa iliyofuata nikakuta limekunjwa limewekwa kando. Bi Zuhura aliniambia, kwa heshima zake zote, kwamba ile ni nyumba ya wageni, si maiti, haifunikwi. Mtu akipita lazima aone kuna pa kufikia.

Nilikuwa nabishana nao, halafu nikaacha. Mtu huchoka. Nilikuwa nimeshastaafu, Reg ameshakufa, karakana imeshafungwa, na karavani mpya siku hizi hazina hata mbao, ni plastiki ya kugandisha. Ikiharibika wanakata kipande wanabandika kingine. Ujuzi wangu wote ulikuwa umebaki kwa karavani ile moja, na ile moja nilikatazwa kuigusa. Nilikuwa napanda basi kutoka Ladywood kila Ijumaa, nakunywa chai, nabonyeza ile pembe kwa dole gumba, narudi. Kila mwaka dole lilizama zaidi. Nilikuwa nikirudi kwenye basi najisikia kama mtu aliyetazama nyumba inaungua kwa moto mdogo mdogo, ndoo anayo mkononi, na wenye nyumba wanamkaribisha chai.

Seif alifariki majira ya baridi kali, moyo, asubuhi anafunga viatu. Hakuumwa. Nilipigiwa simu na Rukia, na kabla sijafika Great Barr nilikuwa tayari najua kitakachotokea, nikawa naomba Mungu nimekosea.

Walikuja wote. Nasoro na mkewe na watoto, siku ile ile. Rukia. Yule wa Toronto alipanda ndege ya kwanza. Maziko aliyakosa, matanga aliyawahi. Binamu, wakwe, watu wa London, watu wa Leicester. Hakuna aliyesema ana kazi, hakuna aliyetazama saa. Wanawake wakajaa ndani na Bi Zuhura, ngazini mpaka chumba kile cha godoro la kubishana. Na wanaume na watoto walale wapi? Nasoro mwenyewe akasema, "Si kuna karavani ya Baba."

Nikaenda kuitayarisha mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilifungua mtungi wa gesi, nikapasha moto tangu asubuhi. Nilitazama vitundu vya hewa. Nikaweka ubao mnene juu ya sakafu kwenye pembe ile mbovu, nikasogeza sanduku juu yake mtu asikanyage. Vitanda sikuvigusa. Vilikuwa vimetandikwa, vyote sita, udi wa Alhamisi bado umo kwenye foronya. Wakaingia, wakavijaza, wengine wakalala chini katikati. Asubuhi nilipofika kuwaletea maziwa nikasimama nje ya mlango nikawasikia. Walikuwa wanakoroma. Nililia pale nje kwenye baridi, sikuona haya na sioni haya kuandika.

Mjukuu mkubwa, Layla, binti wa Nasoro, alikuwa ameamka, amejifunga blanketi, anatazama midoli aliyowekewa alipokuwa mdogo. Anaelewa Kiswahili chote, anajibu kwa Kiingereza, kama ninyi.

"Babu Hamadi, this is so nice," akaniambia. "Why did nobody ever bring us here?"

Anauliza kwa nini hakuna aliyewahi kuwaleta. Baba yake alikuwa amekaa kitanda cha pili, anafunga saa mkononi. Akaacha kuifunga. Nikamwambia tu Layla asikae pembe ile ya kushoto, sakafu yake si nzima.

Nasoro alinifuata nje. Macho mekundu, kanzu ya babake imemwia fupi.

"Mzee Hamadi, itatengenezeka? Tumezungumza, mimi na Rukia. Tunataka tuwe tunakuja. Every summer. Kwa ajili ya Mama."

Nikamwambia tutaangalia wageni wakiondoka. Ulimi umezoea.

Matanga yakaanuliwa. Gari moja likaondoka, halafu jingine, halafu la Nasoro, watoto wanapunga mkono kwenye kioo cha nyuma. Rukia alibaki siku chache na mama yake. Mimi nilirudi kesho yake, sijui nilifuata nini, pengine chai ya Ijumaa. Bi Zuhura yuko eda, hatoki, wala mimi si wa kuingia ndani. Alisimama jikoni, nyuma ya mlango ule unaotazama pa kuegesha, umefunguliwa nusu, Rukia ubavuni mwake. Kwenye mkono wa Rukia kulikuwa na mashuka yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa.

"Haya, shemeji," sauti ya Bi Zuhura ikaniambia. "Wageni wameondoka. Fungua."

Vyombo vyangu nilikuwa navyo, navibeba kwa mazoea. Niliingia, nikaondoa sanduku na ubao, nikatafuta skrubu za fremu ya dirisha. Bisibisi sikuihitaji. Zilitoka kwa vidole, hazikuwa zimeshika kitu. Nikavuta ule ubao wa ndani, ukaja wote kama karatasi iliyoloa, na nyuma yake mbao zilikuwa nyeusi. Nilichukua kipande mkononi nikakiminya, kikatoa maji. Nikapeleka mkono chini, kwenye sakafu, mpaka ekseli ya mbele, mpaka ukuta wa pili. Hapakuwa na mahali popote pa kupigilia mbao mpya. Karavani kama hiyo tunatoa mtungi, tunatoa jiko, tunamwita mtu wa chuma chakavu.

Nikatoka nje na kile kipande mkononi. Rukia alikiona. Akatazama chini, akayashika yale mashuka vizuri zaidi.

"Itakuwa tayari lini?" Bi Zuhura akauliza. "Nataka nitandike mapema. Nasoro amesema wanakuja."

"Mwezi wa nane, shemeji," nikasema. Nikarudi ndani, nikauweka ule ubao wa ukutani mahali pake, nikaukandamiza kwa viganja viwili mpaka ukashika.